Uliza Anti: Naenda majuu Krismasi hii, nimtafute shosti wangu wa bweni?

Wapendwa, kila mwaka mvua za vuli zikianza tu, barua za safari zinanijia kama utani. Mwaka huu nyingi zinauliza kitu kimoja, mtu anasafiri sikukuu, huko aendako kuna rafiki hawajaonana miaka, sasa anamwingiaje? Nimechukua nne.

Amenichunia au yuko bize?

*Anti shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili nakaa Tabata Kimanga. Disemba hii kwa mara ya kwanza naenda Uingereza kwa dada yangu, anakaa Reading, viza nshapata na tiketi nshakata, naondoka tarehe 19 narudi tarehe 4. Sasa kuna shosti wangu tulilala dabo deka moja bweni form five na six, mi chini ye juu, tulikuwa tunachangia mpaka ndoo ya kuogea. Siku hizi yuko Birmingham. Tulipotezana kabisa, tumekuja kukutana kwenye grupu la WhatsApp la tuliomaliza pamoja 2006. Nilivyomwambia nakuja akajibu "waooo karibu sana shosti" na vikopa kibao, alafu kimya. Nimemwandikia tena, tiki za bluu zipo, jibu hakuna. Dada yangu anasema watu wakifika kule wanabadilika nisijipendekeze. Mi nilikuwa nataka nimfanyie sapraizi nitokee mlangoni kwake Krismasi yenyewe na kitenge na mabuyu. Au ndo amenichunia?*
*Mama Wawili, Tabata*

Marahaba mama. Hiyo sapraizi iue leo leo, na wala sio kwa ajili ya adabu, ni kwamba hutafika. Tarehe 25 Disemba Uingereza treni hazitembei, pale London hata mabasi na zile treni za chini ya ardhi zinalala siku nzima, tarehe 26 bado njia nyingi hazina treni, na hizo siku za sikukuu ndo wanazitumia kukarabati reli maana abiria wachache, kwa hiyo hata tarehe 27 au 28 usiende stesheni kabla hujaangalia kama njia yako iko wazi. Siku za kawaida Reading mpaka Birmingham New Street kuna treni ya moja kwa moja, masaa mawili hayafiki. Mwambie dada akukatie mapema zile tiketi zinazokufunga kwenye treni moja maalum, zinakuwa rahisi kuliko kwenda kununua siku hiyo hiyo ukalie.

Sasa kuhusu kuchuniwa. Mi sidhani, na nakwambia kwa nini. Hujaniambia shosti wako anafanya kazi gani na nahisi hata wewe hujui, maana hujamuuliza, umemwambia tu "nakuja". Kama analea wazee kwenye nyumba za kulelea wazee, kama ni nesi, kama yuko ghalani anafungasha mizigo ya watu walioagiza mtandaoni, basi Disemba ndo mwezi wake mgumu kuliko yote. Wazee wanatakiwa kuogeshwa na kulishwa Krismasi kama siku nyingine, wenyeji wenye watoto wanaomba ofu, zamu zinabaki kwa nani? Kwa wageni, na wengine wanazigombania wenyewe kwa sababu baadhi ya waajiri wanalipa zaidi siku za sikukuu. Sisi huku tunawaita wabeba boksi tunacheka, ila sikukuu yako wewe sio likizo yake, hapo ndo watu wengi mnagombana bure.

Hebu fikiria anavyoisoma meseji yako. Amesimama kituo cha basi saa kumi na moja alfajiri, kiza, baridi inauma vidole, anaona "shosti nakuja tuonane". Akilini mwake hiyo meseji ina maswali kumi. Atalala wapi huyu, mi nina chumba kimoja na mwanangu? Nitapewa ofu? Nitampikia nini, nitampeleka wapi, nauli nani analipa? Na lingine ambalo hatupendi kulisema, anakuja na kizinga? Maana kwenye hayo magrupu yetu mtu akishajulikana yuko nje, mchango wa harusi yeye wa kwanza kutajwa, msiba yeye, ada ya mtoto wa fulani yeye. Basi anasema ntamjibu nikitoka kazini nimetulia, na kutulia kwenyewe hakuji. Alafu siku zinapita anaona aibu kujibu akiwa amechelewa hivo, anazidi kukausha. Nimeona urafiki mzuri tu unafia hapo.

Kwa hiyo muondolee mzigo. Usimwandikie "mbona kimya" wala "naona siku hizi mmekuwa wazungu", mama nakuomba. Mtumie voisi, asikie sauti yako ile ile ya bwenini, umwambie kitu kama hiki: "Shosti, nitakuwa Reading kwa dada kuanzia tarehe 20. Pa kulala ninapo, siji kukusumbua. Mi niko huru tarehe 28 na 30, angalia zamu zako, hata ukiwa na lisaa limoja tu ntapanda treni nije tunywe chai nirudi. Ikishindikana kabisa tutapigiana nikiwa huko huko na wala sitonuna." Alafu mwache kama wiki nzima. Hapo umempa vitu vitatu anavyovitaka, hulali kwake, siku ziko mbili achague, na njia ya kukataa bila kuonekana mbaya. Nakuhakikishia watu wengi ukishawapa hiyo njia ya kukataa ndo wanakubali.

Mkikubaliana, panga mchana. Desemba kule jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni, na mtu hujazoea, ikifika saa kumi na moja utadhani ni usiku wa manane utaanza kuhangaikia treni ya kurudi. Mahali rahisi pa kukutana mjini Birmingham ni kwenye lile sanamu la ng'ombe dume la shaba nje ya maduka ya Bullring, unatembea kidogo tu kutoka stesheni na kila mtu anapajua. Lile soko la Krismasi la Wajerumani mnaloliona kwenye picha usilipangie, baada ya tarehe 24 huwa limeshafungwa.

Kitenge na mabuyu safi kabisa, tena mabuyu yale mekundu ya Zanzibar yanayoacha rangi kwenye vidole, akifungua pakti tu mmesharudi bwenini. Ongeza iliki, mdalasini, majani ya chai. Ila samli ya mama acha Kimanga, na nyama ya kukausha acha, bidhaa za nyama na maziwa kutoka huku haziruhusiwi kuingia. Hata matunda mabichi, najua roho inakuuma, mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, wakiyakuta bila cheti yanaishia kwenye pipa pale uwanjani na wewe umeyabeba kutoka Dar.

Kingine kidogo. Viza ya kutembea haikuruhusu kufanya kazi, hata ya siku moja, kwa hiyo mtu yeyote akikwambia njoo ushike zamu yangu ya Boxing Day nakupa nusu, iwe shosti au dada mwenyewe, kataa.

Nina daftari la anwani la mwaka 1987

*Anti, mimi ni mzee mstaafu wa Upanga, mjukuu ndiye ananiandikia hapa kwenye simu. Mwaka 1984 nilipelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, kwanza nikafundishwa Kijerumani Leipzig pale Herder-Institut, kisha nikaenda Karl-Marx-Stadt kusoma uhandisi wa mitambo mpaka 1989. Binti yangu anaishi Berlin na mwaka huu ananitaka nile Krismasi kwake. Ninalo daftari langu la anwani la wakati ule. Ndani yake kuna Mjerumani niliyekaa naye chumba kimoja, kuna bibie mmoja aliyekuwa ananisahihishia insha, na kuna kijana wa Msumbiji aliyekuwa kiwandani. Wajukuu wananiambia niwatafute Facebook, hawapo. Je, nianzie wapi, au niache yaliyopita yapite?*
*Mzee wa Upanga*

Shikamoo baba. Usiache. Barua yako nimeisoma mara kadhaa na nikamsomea na mume wangu.

Hilo daftari ni mali lakini anwani zake ukiziandika kwenye bahasha kama zilivyo zitarudi. Karl-Marx-Stadt yenyewe haipo tena kwa jina hilo, tangu 1990 imerudi kuitwa Chemnitz, na mitaa mingi ya upande wa mashariki iliyokuwa na majina ya viongozi wa wakati ule ilibadilishwa. Alafu namba za posta. Daftari lako naamini lina namba za tarakimu nne, wenyewe walibadilisha nchi nzima kuwa tarakimu tano tarehe 1 Julai 1993. Binti yako akikaa na wewe kwenye simu jioni moja mkaenda anwani moja moja mtapata jina jipya la mtaa bila shida.

Ila mtu hakai sehemu moja miaka karibu arobaini. Wenzetu wana utaratibu mmoja mzuri, kila mtu akihama lazima akajiandikishe ofisi ya wakazi ya mji anaohamia, na mtu baki anaruhusiwa kuomba anwani ya sasa ya mtu kwa kulipa ada kidogo, ilimradi amtambulishe vizuri, jina kamili pamoja na tarehe ya kuzaliwa au anwani yake ya zamani. Hapo ndipo daftari linapofanya kazi, maana anwani ya zamani unayo! Kwa bibie itakuwa kazi zaidi kwa sababu akiwa ameolewa jina la ukoo huenda limebadilika, ndo maana nakushauri uanze na yule wa chumba kimoja, na ukimpata yeye muulize kuhusu bibie, wanafunzi wa darasa moja huwa wanajuana. Vilevile andikia ofisi ya wahitimu ya chuo chako, siku hizi kinaitwa TU Chemnitz, ukiwatajia mwaka na fani wanaweza kukufikishia barua hata kama hawakupi anwani.

Kijana wa Msumbiji, baba, huyo pengine hayupo Ujerumani. Wale waliokuja kwa mikataba ya viwandani wengi walirudishwa kwao ukuta wa Berlin ulipoanguka na viwanda vikafungwa. Mtafute kwa njia ya Maputo.

Anza sasa, usisubiri ufike. Hizo ofisi kipindi cha kati ya Krismasi na mwaka mpya zinajikongoja, nyingine zimefungwa kabisa. Na ukishapata anwani andika barua ya karatasi kwa mkono wako, kwa hicho hicho Kijerumani ulichobakiza, uweke na nakala ya picha kama unayo. Mtu wa umri wenu akipata simu ya namba ya nje asiyoijua atadhani ni matapeli, lakini barua yenye picha yake akiwa kijana ana nywele haitupi. Mtajie siku na saa. Ukiandika "nitapita pita wiki hiyo" kwa Mjerumani bado hujaandika kitu.

Siku zenyewe zichague hivi. Kwao sherehe ni jioni ya tarehe 24 na ni ya familia, usipige simu wala kugonga hodi, maduka yanafungwa mchana wake na tarehe 25 na 26 ni sikukuu zote mbili. Tarehe 27 mpaka 30 watu wameshashiba wamechoka kukaa ndani, hapo ndo wanapenda mgeni. Usafiri usikutishe maana Ujerumani treni zinatembea hata Krismasi, na kutoka Berlin mpaka Leipzig kwa treni ya kasi ni kama saa moja na robo. Mwambie binti afuatilie viza mapema, ombi linapokelewa mpaka miezi 6 kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya matibabu ya safari lazima iwe ya kuanzia yuro 30,000. Kwa umri wako hiyo bima ichukue nzuri, usichukue ile ya kupitishia fomu tu.

Na baba, kuna majina kwenye daftari hilo utakayoambiwa wametangulia. Ukiambiwa, uliza amezikwa wapi. Binti atakupeleka.

Kifurushi cha mama wa mshkaji

*Niaje Anti. Naenda Dubai wiki ya mwaka mpya, kutembea na kuangalia mzigo wa simu kidogo. Kuna mshkaji wangu wa Magomeni tumecheza chandimu wote toka watoto, yuko kule mwaka wa nne. Nimemwambia tukutane Burj Khalifa tarehe 31 tuangalie fataki kama zamani tulivyokuwa tunaenda Coco Beach. Akasema poa, alafu akasema bi mkubwa wake atanipa kifurushi nimpelekee. Jana bi mkubwa kakileta, kimezungushiwa selotepu mpaka hakionekani. Naona noma kumfungulia mama wa watu. Na je naweza kulala geto kwake nisevu hela ya hoteli?*
*Mwana wa Magomeni*

Niaje na wewe, ila tukionana ana kwa ana nataka shikamoo yangu.

Fungua. Tena kifungue mbele ya bi mkubwa mwenyewe, rudi nyumbani kwake na kisu, mwambie "mama uwanjani watanifungulia wale, bora tufungue wenyewe tupange vizuri kwenye begi langu." Mama mwenye dagaa na unga wa muhogo hawezi kukasirika, atakusaidia kufunga upya. Simtuhumu mama wa watu, lakini hata yeye anaweza kuwa amepewa na mtu ampelekee mtu. Na sio lazima yawe madawa ya kulevya yale tunayoyajua. Dawa za maumivu zenye tramadol au kodeini ambazo mzazi anaweza kumfungia mwanae kwa nia safi kabisa, kule Emirates, yaani nchi yenyewe ya Dubai, ni dawa za kudhibitiwa, unatakiwa uwe na kibali na cheti cha daktari. Mirungi ndo usiguse. Pale uwanjani ukiulizwa begi la nani, jibu ni lako, hakuna cha kifurushi cha mama wa mshkaji. Vijana wa Kitanzania walioko magereza ya nje kwa mizigo ya watu sio hadithi.

Burj Khalifa tarehe 31 futa. Barabara za pale zinafungwa toka alasiri, kituo cha metro cha hapo nacho huwa kinafungwa jioni mapema watu wakishajaa, mtatafutana mpaka mwaka ubadilike kila mtu yuko upande wake na mtandao umelemewa. Mfuate anakoishi. Kama yupo mtaa wa Deira ndo vizuri zaidi maana na simu unazozitafuta ziko huko huko, mkale sehemu, mkakae pembeni ya maji pale Creek, fataki mtaziona kwenye simu za watu. Na muulize anatoka kazini saa ngapi, Emirates Krismasi sio sikukuu ya serikali, mapumziko ni tarehe 1 Januari, kwa hiyo tarehe 31 kama ni siku ya kazi yeye yuko kazini na kama ni dukani au hotelini ndo balaa zaidi.

Kulala kwake, mdogo wangu, usiombe kabisa. Wenzetu wengi kule wanapanga kitanda, sio chumba. Chumba kimoja watu sita, vitanda vya ghorofa, pazia ndo ukuta wako, na mwenye nyumba akikuta mtu wa ziada rafiki yako ndo anatolewa. Hawezi kukwambia hivyo kwa sababu kwenye picha unamuona amesimama mbele ya magari. Chukua hoteli ya bei poa hapo hapo Deira, alafu mwalike yeye aje aoge maji ya moto alale kitanda kizima usiku mmoja. Hiyo ndo zawadi.

La harakaharaka

*Anti, mi nipo Mbagala sisafiri popote. Rafiki yangu wa zamani ndo anakuja Dar kutoka Toronto tarehe 22, anataka nimpokee na gari usiku wa manane, nimtafutie laini, na wiki nzima nimzungushe. Gari lenyewe la kuazima. Nani analipa mafuta?*
*Mwenyeji*

Yeye. Mwambie kabla hajapanda ndege, kwa meseji fupi tu: gari lipo, mafuta na parking juu yako, siku mbili niko na wewe na zilizobaki niko kazini. Huyo naye yuko likizo wewe hauko likizo, ni yale yale niliyomwambia Mama Wawili ila yamegeuzwa. Laini aje akasajili mwenyewe na pasipoti yake kwa alama za vidole, usimpe laini iliyosajiliwa kwa jina lako hata akilia. Na muulize anatua Terminal 3 au la kabla hujaenda kukaa upande mwingine mpaka asubuhi.

Maji baridi ya kumpokelea nunua wewe.

*Anti Zai*